Upepo wa Omo

Katika visiwa vyetu wanyama wakubwa huishi zaidi katika maneno kuliko katika misitu. Unguja haina simba, wala ndovu, wala nyati. Msitu wa Jozani una kima punju, ambaye asili yake ni kisiwa hiki na si pengine popote duniani. Vichaka vya Kusini vina paa nunga, mdogo na mwoga. Na chui wetu, ambaye watu walimhofia zaidi kwa kuamini kuwa anafugwa na wachawi, wataalamu wengi walikwisha kumhesabu kuwa ametoweka. Hao ndio wakubwa wetu. Hata hivyo mtoto wa Unguja, kabla hajajua kusoma, amekwisha kumjua simba, fisi na sungura. Amekwisha kuambiwa kwamba wapiganapo ndovu ziumiazo ni nyasi, na kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mshairi wetu akitaka ushujaa humwita simba, akitaka ulafi humwita fisi, na akitaka ukubwa usio na mfano humwita ndovu. Wanyama hao wametutumikia katika beti zetu kwa karne nyingi bila ya kudai ujira. Nilipokwisha kuvuka umri wa miaka 50 ndipo niliponuia kwenda kukutana nao kwa miguu yangu, si kwa kuchungulia dirishani mwa gari.

(Nasema ndovu, kama walivyosema wazee wetu. Kwetu tembo kwanza ni lile linalogemwa mnazini, na mtu akirudi nyumbani na kusema kwamba amekutana na tembo njiani, huulizwa kama alikimaliza kibuyu.)

Neno safari nalo lina hikaya yake. Sisi tulilipokea kutoka Kiarabu. Waingereza wakalichukua kutoka kwetu katikati ya karne ya 19, na tangu hapo wakawa wanalipunguza. Kwao likawa ni kwenda kuwinda, kisha likawa ni kwenda kupiga picha. Siku hizi kijana wa Nungwi akisema kwamba anafanya kazi ya safari, hueleweka kuwa anawatafutia wageni nafasi za kwenda Serengeti. Sisi tumebaki na lile neno kubwa: kwenda Pemba kwa meli ni safari, kwenda Makka ni safari, na kufa ni safari. Lakini safari ya Bara, katika kumbukumbu za watu wa pwani, ilikuwa ni ya miguu. Misafara ilitoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na Ujiji, na iliporudi, wapagazi, Wanyamwezi wengi wao, walikuwa wamebeba pembe. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32, begani, kwa miezi. Upande wa kusini njia zilitoka nchi ya Nyasa, zikakata nyika iliyo kusini ya mto Rufiji, zikaishia Kilwa Kivinje, na katika njia hizo pembe na mateka walikwenda pamoja. Baadaye, katika Vita Vikuu vya Kwanza, makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa wakibeba mizigo ya majeshi ya Waingereza na Wajerumani. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao.

Kwa hiyo niliposoma kwamba safari ya miguu ilibuniwa katika miaka ya 1950 na Norman Carr, huko bonde la Luangwa katika nchi ambayo leo ni Zambia, nilitabasamu. Alichokianzisha bwana yule, na alikianzisha kwa wema, ni biashara ya kuwatembeza wageni porini wakiwa na kamera mahali pa bunduki. Kutembea kwenyewe kulikuwako. Mgeni wa leo hulipa fedha nyingi ili apate kile ambacho mpagazi alikuwa nacho bila ya kukiomba.

Mimi nilikwenda Rufiji. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilitangazwa mwaka 2019, ikamegwa kutoka pori kubwa lililokuwa likiitwa Selous, kwa jina la mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa kwa risasi ya Mjerumani huko Behobeho mwezi wa Januari 1917, na kaburi lake lingali huko. Hifadhi hiyo ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Ungeweza kuiweka Unguja ndani yake mara kumi na nane na ukabakiwa na nafasi. Jina jipya lilinipendeza kwa sababu ambayo huenda waliolichagua hawakuifikiria: nchi iliyobeba jina la mwindaji sasa inabeba jina la mtu aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, akatupa *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Ndani ya hifadhi hiyo hiyo, katika korongo la Stiegler, limejengwa bwawa la kuzalisha umeme, megawati 2,115, na kwa kuwa umeme wetu wa Unguja huja kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, taa ninayoandikia makala haya kwa sehemu fulani inawashwa na mto ule. Nalitaja hili kwa kupita tu, ili msomaji asidhani kwamba niliyoyaona yako mbali na nyumba yake.

Tulikuwa watu sita: kiongozi, askari wa hifadhi mwenye bunduki, mwalimu mmoja wa Morogoro na mkewe, mpwa wangu, na mimi. Kiongozi alikuwa mtu wa Rufiji, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na kwa kuona kofia yangu aliniita ustadhi tangu salamu ya kwanza hadi ya mwisho. Askari tulimwita afande. Tulipewa masharti kabla ya jua kuchomoza. Tutakwenda mmoja nyuma ya mwingine, hatutazungumza, kiongozi akiinua ngumi tutasimama palepale tulipo, na lolote litakalotokea, hatutakimbia. Nguo zangu zilikuwa zimefukizwa udi, kama nguo zote za nyumbani kwetu zinavyofukizwa. Mpwa wangu akauliza kama harufu ile haitatuharibia. Kiongozi alinikaribia, akanusa bega la kanzu yangu fupi, akacheka kidogo. "Udi haumtishi ndovu," alisema. "Kinachomtisha ni kilicho chini ya udi."

Kisha akatoa mfukoni soksi kuukuu iliyofungwa kwa uzi. Ndani yake alikuwa ametia majivu ya jikoni, yaliyochekechwa yakawa laini kama poda. Akaitikisa mara moja. Kiwingu kidogo cha kijivu kikatoka, kikaelea, kikaenda zake kuelekea nyuma yetu, nasi tukaanza kutembea kinyume chake.

Msomaji wa pwani hana haja ya kufundishwa upepo. Kaskazi, kusi, matlai, umande: haya ni majina tuliyoyanyonya pamoja na maziwa. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi, na katika nyumba ile mtu aliulizwa upepo umekaaje kabla ya kuulizwa ameamkaje. Baharini, upepo unaotakiwa ni ule wa tezi, unaokuja kutoka nyuma na kulijaza tanga. Upepo wa omo, unaokupiga usoni, ni adha, na chombo hulazimika kupiga bisho huku na huko mpaka mabaharia wachoke. Porini mambo yamegeuzwa. Anayetembea huutafuta upepo wa omo na kuushika kama tunu, kwa kuwa upepo wa usoni humletea yeye harufu na sauti za wengine na kuzificha zake. Upepo wa tezi humtangulia na kutangaza habari zake kila mahali. Tulikwenda asubuhi ile yote tukipiga bisho nchi kavu, mara kulia mara kushoto, na kila baada ya hatua chache ile soksi ilitikiswa. Nilijiona niko chomboni. Nilitamani babu angalikuwapo amwone yule nahodha wa majivu.

Kutembea kwa namna ile hubadilisha kipimo cha vitu. Ndani ya gari mtu huhesabu: simba watatu, twiga tisa. Kwa miguu, saa nzima inaweza kumalizikia kwenye mchanga. Kiongozi alituonyesha mahali fisi alipoburura kitu usiku, mahali nyati walipolala, na mstari mwembamba uliokatiza njia kama uzi, ambao ulikuwa ni wa nyoka. Tuliikuta mikoche na mivumo imesimama majini, imekufa, vichwa vimekatika, kwa kuwa mto ule huhamahama na maziwa yake huhama nao. Juu ya kisiki kimoja furukombe alilia kilio chake, kile kile tunachokisikia mikokoni kwetu. Viboko tuliwasikia kwa mbali, na kiongozi alituzungusha mbali nao kwa heshima kubwa kuliko aliyompa mnyama mwingine yeyote siku ile. Twiga walituona kabla hatujawaona, wakasimama wakitutazama juu ya miti kama majirani juu ya ukuta. Aliniambia kwa kunong'ona kwamba ng'ambo ya pili ya Rufiji hakuna twiga. Mto umewawekea mpaka, na kusini yake hutamkuta hata mmoja. Mbung'o walituuma wote bila ya upendeleo.

Na mbung'o, kusema kweli, ndio walioiandika nchi ile. Tulipumzika chini ya mikwaju mikubwa mitatu iliyokaa karibu karibu, na nilipoangalia chini nikaona kigae cha chungu, chenye michirizi iliyochorwa kwa kucha au kwa kijiti. Hapo palikuwa na watu. Katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa upande wa Liwale, kwa sababu ya malale yanayoletwa na mbung'o, na ardhi waliyoiacha ikaingizwa katika pori la wanyama. Wageni huja leo wakasema wameona nchi ambayo mkono wa mtu haujaigusa. Kiongozi alikigeuza kile kigae mara mbili, akakirudisha mahali pake, upande ule ule uliokuwa juu. Bibi yake, alisema, alizaliwa ndani ya mpaka wa leo, na hadi alipokufa alikuwa akitaja vijito kwa majina ambayo hayamo katika ramani ya hifadhi. Mke wa mwalimu alimwuliza kama anayakumbuka. Aliyataja manne, polepole. Kisha akasimama, akatikisa soksi yake.

Hapo karibu na mikwaju ndipo mlembe alipotujia. Ni ndege mdogo, wa rangi ya udongo, asiye na uzuri wa kuimbwa. Alikuja akapiga kelele juu ya vichwa vyetu, akarukia mti wa mbele, akageuka kututazama, akapiga kelele tena. Alikuwa akituita kwenye asali. Yeye huijua mizinga ya nyuki ilipo lakini hawezi kuivunja. Mtu anaweza kuivunja lakini hajui ilipo. Basi wakafanya shirika, mtu akachukua asali na ndege akaachiwa nta. Ng'ambo ya Ruvuma, katika pori la Niassa nchini Msumbiji, Wayao humwita ndege huyu kwa mlio maalumu, mtetemo wa ulimi unaomalizikia kwa mguno. Watafiti wakiongozwa na Claire Spottiswoode walionyesha mwaka 2016 kwamba mlio huo humfanya ndege akubali kuongoza mara mbili zaidi kuliko sauti nyingine yoyote ya mtu. Wahadzabe wa karibu na ziwa Eyasi wao humwita kwa mbinja. Utafiti wa mwaka 2023 ukaongeza jambo ambalo wapenzi wa lugha hawatalisahau: mlembe wa Niassa huitikia zaidi mguno wa Niassa, na mlembe wa Eyasi mbinja ya Eyasi. Ndege anajua lahaja ya watu wa kwao.

Ni Wayao hao hao ambao babu zao walikuwa wakileta pembe Kilwa. Nilikuwa nalifikiria hilo wakati yule ndege akiendelea kutuita. Kiongozi hakumfuata, ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuvunja mzinga. "Leo hatuna cha kumpa," alisema. Ndege alitungoja kwenye mti wa tatu muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akaenda zake.

Tulianza kuwanusa ndovu kabla ya saa tano. Ni harufu ya zizi, yenye ukali wa majani yaliyochacha. Kinyesi kilikuwa kimejaa kokwa za mikoche; kiongozi alikigusa kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyomgusa mtoto mwenye homa, akainua kidole kimoja kutuonyesha: karibu. Afande aliihamisha bunduki kutoka begani hadi mikononi. Hakufanya zaidi ya hapo siku nzima. Tulipanda ukingo wa korongo la mchanga, tukakaa nyuma ya kichaka, na hapo, kama hatua 60 mbele yetu, walikuwapo kumi na mmoja, majike na watoto, wakichimba maji.

Nimesoma na kuandika tenzi miaka thelathini, na sikuwa nimepata kuambiwa na ubeti wowote kwamba ndovu ni mnyama wa utulivu. Tumemwimba kwa kishindo, na kishindo hakikuwapo. Nyayo zao hazikusikika hata walipohama kutoka shimo moja hadi jingine. Nyama laini iliyo chini ya wayo hutandazika na kumeza sauti. Jike mmoja alikuwa akichimba kwa mguu wa mbele, kisha akiteka mchanga kwa mkonga na kuumwaga pembeni kwa uangalifu, mpaka maji yakapanda. Akangoja yatulie. Akanywa. Mtoto akapenyeza mkonga wake katika shimo lile lile, na mamaye hakumkataza. Masikio yao yalikuwa yakipepea polepole kama matanga yanayotikisika upepo ukilegea. Kila mara hewa ilitetemeka kifuani mwangu bila ya mimi kusikia chochote. Kiongozi alituambia baadaye kwamba ndiyo mazungumzo yao, sauti nzito mno kwa sikio la mtu, inayofika kilomita kadhaa.

Bibi wa kundi alikuwa amesimama kando. Vipaji vyake vilikuwa vimebonyea, sikio lake la kushoto limechanika kama bendera ya zamani, na pembe moja ilikuwa imekatika nusu. Kiongozi alimkadiria miaka zaidi ya 40.

Upepo wa nchi kavu, jua likipanda, hauna imani. Nilikiona kiwingu cha majivu kikitoka katika soksi na kusita hewani. Kisha kikapita mbele yetu, kuelekea korongoni.

Yule bibi aliinua mkonga. Uliinuka ukapinda kama mdomo wa birika, ukageuka huku na huko, ukatuelekea sisi. Hakuwa akituona; macho ya ndovu si makali, nasi tulikuwa kichakani. Hakupiga kelele. Lakini kumi wote waliacha walichokuwa wakifanya kwa wakati mmoja, kama jamaa walioambiwa habari ya msiba mezani. Watoto wakasukumwa katikati. Kisha wakaondoka. Sikuwa nimejua kwamba viumbe wa ukubwa ule wanaweza kukimbia vile bila ya sauti, mikia imeinuliwa, mabega yamebanana, vumbi tu likipanda nyuma yao. Yeye alikuwa wa mwisho. Alitembea kinyumenyume hatua tatu au nne akiwa ameukabili upepo, ndipo akageuka.

Hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno. Kiongozi alituashiria tukae chini, akaonyesha saa yake: nusu saa, ili waende mbali kwa amani yao. Basi tukakaa.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hofu yangu. Vitabu vyote vya safari za miguu huahidi hofu hiyo, na wengine huilipia. Kwa hofu ya ndovu mwenyewe sikuwa nimejitayarisha. Niligeuza uso mpwa wangu asinione.

Kuna utafiti uliofanywa Amboseli, nchini Kenya, ukachapishwa mwaka 2014. Ndovu walisikilizishwa kwa spika sauti za watu wakisema maneno yale yale, kwa Kimaasai na kwa Kikamba. Waliposikia mwanamume wa Kimaasai walikusanyika pamoja na kurudi nyuma, kwa kuwa vijana wa Kimaasai ndio ambao mara nyingine hupambana nao kwa mikuki malishoni na visimani. Waliposikia Mkamba, au mwanamke wa Kimaasai, au mtoto, walitulia zaidi. Ndovu, kwa maneno mengine, hutofautisha lugha za watu, na ndani ya lugha hutofautisha mwanamume na mwanamke, mkubwa na mdogo. Tuliokaa chini ya kile kichaka hatukuwa tumesema kitu. Sisi tulisomwa kwa harufu. Kwa umri aliokadiriwa, yule bibi alizaliwa katika nchi ambayo katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa na ndovu zaidi ya 100,000. Majangili wa miaka ya 1980 waliwafyeka wengi mno. Baada ya marufuku ya dunia ya mwaka 1989 wakaongezeka tena, na mwaka 2006 walihesabiwa kama 70,000. Mwaka 2009 walikuwa 39,000. Mwaka 2013 walikuwa 13,000. Yeye aliziishi hesabu hizo zote. Kila kilichopungua katika tarakimu zile kilikuwa ni dada yake, au binti yake, au mama yake, na kila mara kabla ya mlio wa risasi ilikuja kwanza, kama upepo ulikuwa upande wake, harufu ya mtu.

Na mtu huyo alikuwa akipeleka wapi pembe? Hapa ndipo mtu wa Unguja hawezi kukaa chini ya kichaka kama mgeni asiyehusika. Katika karne ya 19 hapakuwa na soko la pembe Afrika Mashariki lililoushinda mji wetu. Pembe laini za bara zilipimwa kwa frasila Forodhani, zikapakiwa kwenda Bombay kuwa bangili za maharusi, na kwenda Marekani, ambayo ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, ili katika viwanda vya Connecticut ziwe vidole vya piano. Nyumba nzuri ambazo leo tunawaonyesha wageni, na milango ambayo tunaiandikia mashairi, zilisimama kwa fedha ya karafuu, ya watumwa na ya pembe. Tippu Tip, ambaye tawasifu yake ni miongoni mwa nathari za mwanzo za Kiswahili kuchapishwa, aliupata utajiri wake huko. Siwa ya Pate, ambayo mlio wake uliwatukuza wafalme na maharusi, imechongwa kwa pembe. Ile ya Lamu ni ya shaba. Nimepata kuisifu siwa ya Pate katika shairi, na bado naiona kuwa ni kazi ya mikono mitukufu.

Mtu angaliweza kusema kwamba hayo ni ya kale na wenyewe wamekufa. Lakini mwezi wa Agosti 2011, katika bandari yetu ya Malindi, zilikamatwa pembe zaidi ya 1,000 zilizofichwa ndani ya shehena ya dagaa wakavu. Dagaa! Kitoweo cha maskini, kilichoanikwa juani na wanawake wa pwani, ndicho kilichotumika kuifunika harufu ya mauti hayo. Na wanasayansi walipochunguza vinasaba vya pembe zilizokamatwa duniani katika miaka ile, sehemu kubwa ya zile za ndovu wa mbuga ilielekeza kwenye nchi ya Selous na Niassa. Huenda palikuwamo na za jamaa zake. Sikupata kumdhuru ndovu, wala baba yangu, wala nahodha yule mzaa mama, ambaye kwa nilivyoambiwa alibeba boriti na tende. Lakini mkonga ule uliponielekea, haukuuliza nasaba yangu. Wazee walisema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nami nilikaa pale nikifikiri kwamba ngama ya jahazi letu ni nzito kuliko tunavyoiimba.

Wakati huo kiongozi alikuwa amelala chali, kofia juu ya macho, na mwalimu wa Morogoro alikuwa akichambua miiba kutoka kwenye soksi za mkewe.

Nusu saa ilipokwisha tulishuka korongoni. Mashimo yalikuwa yamekwisha kupata wageni wengine. Nyuki walikuwa wamejipanga kwenye ukingo wa maji, na njiwa wawili wakaruka tulipokaribia. Kiongozi alimtafuta yule bibi katika mchanga na kumpata pale alipokuwa amesimama kando, kwa nyufa za wayo wake, ambazo kila ndovu ana zake. Alituonyesha wayo wa mbele wa kulia, wa duara, safi kama muhuri. Ukiuzungusha uzi kwenye mzingo wa wayo huu, alisema, kisha ukaurefusha mara mbili, umepata kimo chake kutoka ardhini hadi begani. Mara mbili ya mzingo, haikosei kwa kiasi kikubwa.

Hatukuwa na uzi. Mpwa wangu akapiga magoti na kupima kwa mkono, kama mafundi wa majahazi wanavyopima, shubiri baada ya shubiri, akiuzunguka ule wayo taratibu ili asiuharibu ukingo wake. Zilikuwa shubiri tano. Mara mbili yake ni kumi, yaani dhiraa tano, pima moja na ziada. Alisimama juu ya mchanga, kando ya wayo, akanyoosha mkono wake juu ya kichwa chake kadiri alivyoweza, akautafuta kwa kiganja mgongo wa yule bibi katika hewa tupu.

"Hapa, Mjomba?" aliuliza.

Kiongozi alimtazama, akaukadiria urefu wake kwa jicho. "Juu kidogo," alisema.